Ulaya ya nyumba za nyasi: mdada wa Mbagala na kijiji cha watu mia tatu

Picha iliwekwa Insta Jumamosi moja ya Juni 2025, saa tatu usiku, na jua bado lilikuwepo. Nyumba ya mawe yenye paa la nyasi, ukuta umefunikwa na mawaridi, mlango mdogo wa buluu, na mbele yake mdada kasimama na gauni la kitenge, mkono kiunoni. Maneno chini ya picha yalikuwa mawili tu: "Nyumbani kwetu." Mpaka asubuhi laiki zilishapita elfu mbili, na komenti ni zile zile unazozijua. "Mungu ni mwema." "Umetoboa mama." "Dada naomba koneksheni, hata kazi ya kufagia." Mmoja akaandika kwa herufi kubwa kwamba sasa anaelewa kwa nini watu wakienda majuu hawarudi.

Nyumba ile si yake. Ni ya mume na mke wa London wanaokuja wikiendi chache kwa mwaka, na kuanzia Oktoba madirisha yake ni giza tupu. Yeye amepanga chumba upande wa pili wa kijiji, kwenye safu ya nyumba za matofali zilizojengwa na halmashauri zamani, zile ambazo hakuna mtalii anayezipiga picha. Ana kitanda, kabati, na dirisha linaloangalia tangi la mafuta, maana bomba la gesi halijafika huko na joto la ndani linatokana na mafuta yanayoletwa na lori. Mafuta yakiisha Januari, utajua hujui.

Jina la kijiji halitatajwa. Kipo Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kina watu kama mia tatu na Mtanzania mmoja, kwa hiyo ukikitaja umeshamtaja na yeye.

Alifika mwishoni mwa Aprili 2024 kwa viza ya wahudumu wa afya na wazee. Wakala alimwambia "Uingereza", na kichwani mwake, kama kwa wengi wetu, Uingereza ni ile saa kubwa na mabasi mekundu. Alishuka Heathrow, akapelekwa stesheni ya Waterloo, akapanda treni masaa mawili kuelekea magharibi mpaka Gillingham. Hapo alipokelewa na mfanyakazi mwenzake mwenye kigari kidogo, wakaingia barabara nyembamba isiyo na taa hata moja, kushoto na kulia michongoma mirefu kuliko gari. Hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna genge la chipsi. Mdada akatoa simu taratibu na kumtumia dada yake lokesheni, na ujumbe: "Nikipotea nilikuwa hapa." Mpaka leo wanacheka.

Ila kuna jambo ambalo halichekeshi. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mtu anayeomba viza ya kazi hiyo ya kuhudumia wazee haruhusiwi kuja na mume, mke wala mtoto. Makaratasi yake yalicheleweshwa huko yalikocheleweshwa, na ombi lake likaingia siku chache baada ya tarehe hiyo. Siku chache! Mtoto wake wa kiume, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, akabaki Mbagala kwa bibi yake. Mpango wa mama na mwana kuondoka pamoja ukawa mpango wa video kila jioni.

Kazi yenyewe ni ile ambayo Wabongo wa huko wanaiweka kwenye fungu la kubeba boksi, ingawa boksi halilii wala halikuiti usiku. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Nyumba ya kwanza, mzee wa kuogeshwa, kupewa dawa na uji wa shayiri. Nyumba ya pili iko maili sita, bibi wa kubadilishwa nguo na kuandaliwa chai. Ya tatu maili nne tena. Wengine wanamngoja dirishani kama mtoto anayengoja mzazi atoke kazini. Kulikuwa na mmoja ambaye siku ya kwanza alimtazama mlangoni, akafunga, akapiga simu ofisini akaomba "msichana mwingine". Msichana mwingine hakuwepo. Wiki ya tatu bibi yule yule ndiye aliyekuwa anamfichia biskuti.

Sasa, bila gari kazi hiyo haipo. Basi la kijiji linapita siku mbili kwa wiki, asubuhi kwenda mjini na mchana kurudi. Nauli ya mabasi England imewekewa ukomo wa paundi 3 tangu Januari 2025, jambo jema kabisa kama unaishi mahali basi linapopita. Na leseni ya Tanzania, kule, inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi. Ikipita hapo unaanza kama mtoto mchanga: leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani. Nadharia ni maswali 50 na lazima upate 43, halafu unaangalia video na kubonyeza ukiona hatari inakuja. Aliyekulia Mbagala hatari anaziona kila mahali, alibonyeza mpaka mashine ikashangaa, lakini alipita.

Tatizo likawa barabarani. Kupata tarehe ya mtihani ni miezi. Watu wanaamka saa kumi na mbili asubuhi mtandao unapofunguliwa, wanavizia nafasi ya mtu aliyeahirisha. Yeye alipata ya mwisho wa Januari. Leseni yake ya Bongo ilikuwa inakufa mwisho wa Aprili. Akishindwa kuendesha, hana kazi. Asipokuwa na kazi, mwajiri anaondoa udhamini, na viza ikishakatwa unapewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kufunga begi. Na nyumbani bado kulikuwa na deni la wakala, la kwanza kwa shangazi na la pili kwa vikoba.

Alifeli. Na alifeli kwa kosa ambalo ukilisikia utadhani ni utani: kusita bila sababu kwenye kipilefti. Mtu aliyeendesha Ubungo saa kumi na moja jioni, aliyepita katikati ya bajaji, daladala na mkokoteni wa maji, kafelishwa kwa uoga. Kila mtu alikuwa amemwonya kwamba Waingereza hawataki ubabe barabarani, hapigi mtu honi, hachomekei mtu. Basi alifika kwenye kipilefti akangoja, akangoja, mpaka nyuma yake pakawa na foleni ya kwanza kuonekana mji ule tangu asubuhi. Paundi 62 zikaenda. Alirudi akaegesha pembeni ya shamba la kondoo, akalia humo ndani mpaka vioo vikaingia ukungu.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, Desemba.

Desemba ya kule ni kitu kingine. Saa mbili asubuhi ndiyo jua linatoka kwa kujivuta, saa kumi jioni limeshazama. Njia zinajaa matope na mashamba yananuka samadi. Jumanne moja jioni kengele za kanisa zilianza kulia bila kukoma, saa nzima. Akatoka nje mbio na kanga kichwani akidhani ni moto au kuna mtu amefariki. Kumbe ni mazoezi. Kuna watu, wengi wazee, wanaopanda mnara kila wiki kujifunza kuvuta kamba kwa zamu, na wanaichukulia kama sisi tunavyochukulia mechi ya Simba na Yanga. Mnara wenyewe una miaka zaidi ya mia tano. Nje ya kanisa kuna nguzo ya mawe yenye majina ya vijana wa kijiji waliokufa Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, na ukisoma majina ya koo pale utayakuta tena dukani, kwenye baa na kwenye orodha yake ya wazee wa kuogesha.

Mmoja wa wateja wake alikuwa mama wa miaka 72, mgonjwa wa saratani, anayekufa taratibu kwenye kitanda kilichohamishiwa sebuleni. Mume wake alikuwa dereva mstaafu wa basi. Ndiyo, basi la kijiji, enzi likipita kila siku. Mafunzo ya kazi yanasema muite mteja kwa jina lake la kwanza kama anavyopenda. Mdada aliweza kwa siku mbili. Siku ya tatu ulimi ukakataa, akaanza kumwita yule mama "Mama" na mume wake "Mzee". Mume akauliza maana yake. Akaambiwa ni mtu mzima wa kuheshimiwa. Akafikiria, akasema kwamba kwa Kiingereza hilo neno hawana.

Mama alifariki wiki ya pili ya Desemba, alfajiri. Ofisi ikafuta jina kwenye ratiba yake na kumjazia nyumba nyingine muda ule ule. Ndivyo ilivyo, hakuna aliyefanya kosa. Lakini jioni alipopita kwa gari aliona taa moja sebuleni, gari moja nje, na hakuna mtu. Hakuna turubai, hakuna jamvi, hakuna akina mama wanaomenya vitunguu. Majirani walikuwa wametumbukiza kadi za pole mlangoni, na huko kadi ni kitu cha heshima, ujue. Wanaamini ukimwacha mtu peke yake ndiyo umemhurumia. Mazishi yenyewe yalipangwa baada ya mwaka mpya, wiki tatu mbele.

Yeye kwao msiba haungoji. Alikwenda kwake, akapika pilau kwa ule mchele wa supermarket unaoshikana, akatumia bizari iliyobaki ya kutoka Kariakoo, akafunga sufuria kwenye kanga na kurudi. Aligonga. Mzee alifungua, akasimama, hakujua aseme nini. Yeye naye hakujua Kiingereza cha msiba, zaidi ya ile "pole kwa msiba" wanayoisema wote. Akaingia, akaweka sufuria jikoni, akakaa kwenye kiti karibu na kitanda kitupu. Akanyamaza.

Mzee alitengeneza chai. Akaileta. Akakaa. Saa ukutani ikawa ndiyo inaongea peke yake. Baada ya kama dakika arobaini alianza kusimulia, kwamba mkewe alipanda basi lake mwaka 1974 akiwa na kuku kwenye kikapu, na hakutaka kumlipia kuku nauli. Akacheka, halafu kicheko kikageuka. Mdada hakumwambia anyamaze wala hakumpa tishu. Alikaa tu. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku tatu, kama desturi.

Sheria ya kazini inakataza kwenda kwa wateja nje ya muda wa kazi. Mteja alikuwa ameshafariki, lakini bado mtu angeweza kulikuza jambo. Na kijijini hakuna siri. Duka lao linaendeshwa na watu wa kujitolea, lina maziwa, magazeti, kaunta ya posta na umbea wa hali ya juu, ila unasemwa kwa sauti ya chini na kwa adabu, hadi ukiusikia unadhani ni taarifa ya hali ya hewa. Kufikia Ijumaa duka zima lilijua habari ya sufuria. Akaingia kununua mkate, wakanyamaza. Alijua yamekwisha. Mama wa kaunta akamuuliza, kwa unyenyekevu kabisa, ule wali unawekwa viungo gani.

Kwa hiyo alipofeli Januari, duka lilijua kabla hajazima gari. Jumapili ya kwanza ya Februari, saa tatu asubuhi, mlango ukagongwa. Mzee, na kofia yake ya sufi, na karatasi aliyochora kipilefti kwa kalamu ya risasi. Hakusema kalipa fadhila wala nini. Alisema amesikia kuna mtihani.

Mwalimu wa udereva kule anaweza kukutoza hadi paundi 40 kwa saa. Mzee alilipwa maandazi. Somo la kwanza halikuwa kipilefti, lilikuwa kurudi nyuma. Njia za mashambani kule zinapitisha gari moja tu, na kila baada ya mwendo kidogo kuna kijisehemu cha kupishania. Mkikutana, aliye karibu na hicho kijisehemu ndiye anayerudi. Hakuna honi, hakuna kutoa kichwa dirishani na kuulizana wewe ni mtoto wa nani. Anayepishwa ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na shukrani imeisha hapo. Mzee alimrudisha nyuma mita mia nzima mbele ya trekta, kwenye matope, saitimira tu, shingo imekakamaa, na mwenye trekta akasubiri huku anakula sandwichi yake. Halafu kidole. Mdada anasema ile ilikuwa mara ya kwanza kuhisi anaishi pale.

Njia hizo hizo, usishangae, nyingi kisheria zina spidi ya maili 60 kwa saa. Mzee alimwambia hicho ni kiwango cha mwisho, si shabaha.

Jumapili ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye kipilefti alimfundisha kuangalia tairi za gari linalokuja, siyo indiketa, maana indiketa inadanganya na tairi haidanganyi. Machi 1 Ramadhani ikaanza. Mdada alifunga akiwa na nyumba tisa kwa siku na akifuturu peke yake kwa tambi na chai ya rangi kwenye meza inayoangalia tangi la mafuta. Hakumwambia mtu. Wakati wa somo Mzee alimpa chai ya chupa, akakataa, ikabidi aeleze. Wiki iliyofuata akakuta Mzee ameandika kwenye kadi ndogo saa za jua kuzama za mwezi mzima, kwa mwandiko wa ratiba ya basi.

Nafasi ya mtihani ilitokea kwa mtu kuahirisha. Machi 27. Zikiwa zimebaki wiki nne na siku chache. Kipilefti kilikuja dakika ya kumi na mbili. Gari kushoto, lori kulia. Aliangalia tairi. Akaingia.

Alipita, na makosa madogo manne. Mtahini alipomwambia, aliomba arudie, akarudia. Ndani, Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na koti lake magotini. Akasema, "Haya basi." Akafungua begi, akatoa chupa ya chai kusherehekea, akamwangalia mdada, akaikumbuka Ramadhani. Akairudisha begini. Na yeye hakunywa.

Jioni kwenye video alimwonyesha mwanae ile karatasi. Mtoto, sasa ana saba, hana pengo tena la mbele, akauliza swali moja: "Sasa utanifuata na gari?" Mama yake akasema mtandao unakatakata.

Ndugu zangu mnaomwomba koneksheni kwenye DM, mjue anazisoma. Tangu Julai 22, 2025, Uingereza ilifunga kabisa kuajiri wahudumu wapya wa wazee kutoka nje kwa viza ile. Anawajibu hivyo, na wengi wanaona ni choyo. "Umepita ukafunga mlango," mmoja kamwandikia. Mwingine kamuita jina ambalo halifai hapa. Kuna jibu refu aliliandika usiku mmoja, lenye Desemba ndani yake na mtoto ndani yake na kile kigari chenye ukungu. Akalisoma. Akalifuta. Akaweka emoji ya mikono iliyokunjwa.

Sasa ile picha ya Juni. Mzee ndiye aliyeipiga, ndiyo maana miguu imekatwa. Walikuwa wanarudi kutoka makaburini kuweka maua, na mawaridi ya wale watu wa London yalikuwa yamechanua bila mwenyewe wa kuyaangalia. Mzee akamweleza habari za paa: kwamba nyasi za ngano zinakaa miaka mingi zikifungwa na fundi anayejua, kwamba bima yake ni ghali kwa sababu ya moto, kwamba nyumba nyingi za aina hiyo ziko kwenye orodha ya urithi na huruhusiwi kuweka vigae bila kibali hata kama pesa unayo. Kwamba watoto waliozaliwa kijijini humo hawana uwezo wa kuzinunua, ndiyo maana wengi wamehama. Mdada alisikiliza, akasimama mbele ya mlango wa buluu, akaweka mkono kiunoni.

Huko Mbagala, bibi hana simu janja. Jirani ndiye aliyempelekea picha, Jumapili asubuhi, na kusoma komenti zote kwa sauti kama anasoma matokeo ya kidato cha nne. Bibi aliichukua ile simu, akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Yeye alizaliwa Rufiji, kwenye nyumba ya makuti iliyovuja kila masika, na anakumbuka sufuria zilizopangwa sakafuni kukinga maji.

Jioni alimpigia mwanae. Hakugusia laiki. Aliuliza kama mvua huko ni nyingi. Akajibiwa kwamba ni nyingi.

"Hela ya mwezi huu usinitumie," bibi akasema. "Nunua kwanza bati."